Nirudishieni Vitufe Vyangu

Hapa Kenya, dereva anayetumia simu gari likiwa katika mwendo hutozwa faini ya shilingi 2,000, na sijapata kukutana na mtu mwenye busara anayeilalamikia kanuni hiyo. Lakini dereva huyohuyo akinyoosha mkono kwenye skrini iliyopachikwa katikati ya dashibodi, kubwa kuliko simu mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu, akafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine ili apunguze baridi ya kiyoyozi, hakuna anayemhesabu kuwa ametenda kosa. Mimi naona kitendo ni kilekile. Naona hata kimezidi, kwa sababu simu mtu aweza kuizima akaitia mfukoni mpaka afike aendako, ilhali skrini ya gari imefanywa kuwa mlango wa pekee wa kufikia mambo ambayo dereva hana budi kuyafanya akiwa njiani.

Masika ya mwaka jana nilikuwa nimevuka Daraja la Nyali nikielekea Kongowea, mvua ikinyesha kwa nguvu na vioo vyote nimevipandisha. Kwa unyevu wa hewa yetu, kila aliyeendesha gari Mombasa anajua kinachofuata: kioo cha mbele kikashika ukungu kwa muda mfupi sana. Katika gari langu la zamani ningepeleka mkono wa kushoto kwenye kifundo cha upepo, nikakizungusha hadi mwisho, na jambo likawa limekwisha pasipo kuyaondoa macho barabarani. Katika gari hili nililonalo sasa, upepo wa kioo unafunguliwa kwenye skrini, tena skrini yenyewe imeandikwa Kijapani. Nilikuwa nimekariri mahali pa kugusa, lakini ukurasa uliokuwa wazi haukuwa ule nilioukariri. Nikagusa, nikakosea, nikarudi, nikagusa tena. Nilipoinua macho, hamali na mkokoteni wake uliojaa viazi walikuwa mbele yangu hatua chache tu, naye amekwisha kuuachia mkono mmoja ili anipungie, akipaza sauti: "Ami, macho mbele! Macho mbele!" Gari lilisimama. Nilimwomba radhi palepale kwenye mvua, na hadi leo nikipita mahali pale moyo hunienda mbio.

Baadaye nilipiga hesabu. Nilikuwa katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao mtu yeyote angeuita wa taratibu. Katika mwendo huo gari hukata takriban mita 11 kwa kila sekunde, kwa hiyo sekunde mbili za kuitazama skrini ni mita 22 za barabara ambazo hakuna aliyezitazama. Katika mita 22 za barabara ya Kongowea hupita tuktuk, bodaboda, watoto wa shule, kina mama wenye vikapu, na mkokoteni.

Mwanamke anayesuka ukili barazani huzungumza na wapita njia, akamjibu huyu na kumuuliza hali yule, huku vidole vikiendelea na kazi bila kutazamwa. Anaweza hivyo kwa sababu ukili una ncha, una upana, na unajibu anapoushika. Kitufe nacho ni vivyo hivyo: kina umbo lake na mahali pake pasipohama, na kikibonyea kidole hupata habari kuwa kazi imefanyika. Skrini ni bapa na laini kila upande, wala kidole hakiwezi kupambanua alama ya upepo na alama ya redio. Kwa hiyo macho hulazimika kwenda mara ya kwanza kutafuta mahali, mara ya pili kuongoza kidole, na mara ya tatu kuhakikisha kwamba amri imepokewa. Kwa sisi tuliovuka miaka 45 kuna taabu nyingine. Macho yetu huona mbali vizuri, lakini maandishi ya karibu hayasomeki upesi, na aliyevaa miwani ya kusomea hawezi kuendesha nayo. Na jua la alasiri linapopiga juu ya kioo hicho, alama za vidole vyenye jasho ndizo zinazoonekana kuliko maandishi.

Mwaka 2022 jarida la magari la Uswidi liitwalo Vi Bilägare lililiweka jambo hili kwenye majaribio. Walichukua magari mapya 11 yenye skrini pamoja na Volvo V70 ya mwaka 2005 yenye vitufe vya kawaida, wakawapa madereva muda wa kuyazoea kwanza, kisha wakawataka wafanye kazi nne ndogondogo wakiwa katika mwendo wa kilomita 110 kwa saa, mambo kama kuongeza joto la ndani ya gari na kutafuta kituo cha redio. Katika Volvo ile kuukuu kazi zote zilimalizika kwa sekunde 10, gari likiwa limekwenda mita 306. Katika gari lililokuwa la mwisho, MG Marvel R, zilichukua zaidi ya sekunde 44, na gari likawa limekwenda mita 1,372. Watengenezaji wenyewe hawawezi kusema hawakuonywa, kwani tangu mwaka 2013 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilikuwa imependekeza kwamba kazi yoyote ya kifaa kilichomo garini isimwondoe dereva macho kwa zaidi ya sekunde mbili kwa mtazamo mmoja, wala zaidi ya sekunde 12 kwa jumla. Lilikuwa pendekezo tu, si sheria.

Sisi watu wa mji wa bandari tuna kisa kingine ambacho kingetosha kutufungua macho. Alfajiri ya tarehe 21 Agosti 2017, karibu na Singapore, manowari ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta Alnic MC, na mabaharia 10 wakafa. Uongozaji wa manowari hiyo ulikuwa umehamishiwa kwenye skrini za kugusa. Mabaharia walidhani usukani umeharibika, kumbe udhibiti wake ulikuwa umepelekwa kwenye kituo kingine palepale kwenye chumba cha kuongozea, wala hawakutambua hilo kwa wakati. Miaka miwili baadaye jeshi la majini la Marekani liliamua kurudisha vishikio halisi vya kuongezea na kupunguzia nguvu za injini. Hao ni mabaharia wa jeshi, wamo wengi chumbani, na meli haiendi kasi kama gari. Dereva wa hapa Mombasa yuko peke yake.

Skrini si ovu katika kila jambo, na sitaki kusema hivyo. Kamera ya kurudia nyuma ni neema katika vichochoro vya Mji wa Kale, na ramani inayosema kwa sauti humsaidia mgeni. Lakini kamera hutazamwa gari likirudi nyuma polepole, na ramani huwekwa kabla ya kuondoka. Nisichokikubali ni kuzika waipa, taa, upepo wa kioo na sauti ya redio ndani ya skrini kwa sababu tu kutengeneza programu moja ni rahisi kuliko kutengeneza vitufe 20 na nyaya zake.

Ulaya wameanza kugeuka. Euro NCAP, wanaoyapa magari nyota za usalama, wamepanga kwamba kuanzia mwaka 2026 gari linalotaka alama kamili liwe na vidhibiti halisi vya ishara za kukata kona, taa za dharura, waipa, honi na simu ya kuomba msaada. Nafurahi, lakini habari hiyo itatufikia sisi kwa kuchelewa. Magari mengi tunayonunua ni yaliyotumika Japani, na sheria yetu inaruhusu yaingie mradi hayajazidi miaka minane tangu yasajiliwe, maana yake ni kwamba gari lenye skrini bila vitufe linalouzwa Tokyo leo laweza kushushwa Kilindini miaka saba ijayo. Tena hufika likiwa na lugha ambayo hatuisomi, na redio inayoanza kwenye megahazi 76 na kuishia kabla ya kuvifikia vituo vyetu vingi. Matokeo yake ni kwamba mwenye gari humwendea fundi, akang'oa skrini ya asili na kuweka nyingine kubwa zaidi, inayoonyesha video dereva akiwa usukanini. Nimeziona hata ndani ya matatu za kwenda Mtwapa.

Magari haya hukaguliwa huko yanakotoka kabla ya kupakiwa melini, kwa kufuata viwango vya KEBS, shirika letu la viwango. Wakaguzi hutazama breki, taa na magurudumu. Naomba orodha hiyo iongezewe swali moja: je, dereva aweza kuwasha waipa na kupuliza upepo kiooni bila kugusa skrini? Na walimu wa udereva wamfunze mwanafunzi kupanga kila kitu cha skrini kabla ya kutia gia, kama wanavyomfunza kufunga mkanda.

Mwezi uliopita binti yangu alitaka gari, tukazunguka yadi nne hapa mjini. Katika kila gari nilimwomba akae kwenye kiti, aangalie kwa dakika mbili vitu vilipo, kisha afumbe macho awashe waipa, apulize upepo kwenye kioo na kupunguza sauti ya redio. Kijana muuzaji wa yadi ya kwanza alidhani tunacheza, lakini nilipomweleza habari ya mkokoteni alikaa mwenyewe akajaribu, na upepo wa kioo ukamshinda katika gari alilokuwa akiliuza tangu Januari. Kati ya magari tisa tuliyoyajaribu, matatu tu ndiyo yaliyomwezesha binti yangu kufanya yote bila kuona. Kwenye yale matatu ndipo tulipoanza kuulizia bei.