Kabla ya mkimbiaji, tafuteni watu wa kumfungulia njia

Kila Aprili inapokaribia, sisi mashabiki wa New York Giants, timu ya mpira wa Kimarekani, tunagawanyika makundi mawili kuhusu nani achaguliwe kati ya vijana wapya. Kundi moja linataka timu imchukue mapema kijana anayekimbia na mpira, yule ambaye video zake zimezagaa kwenye simu za watu, anaruka mabeki na kuwaacha chini. Kundi la pili, ambalo ni dogo na halina video za kuonyesha, linataka majitu ya kilo 140 yanayosimama mbele na kusukumana. Mimi ni wa kundi hili la pili. Na kwa jinsi ubishi unavyorudi kila mwaka kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea, naona bora niiseme hoja yangu yote mahali pamoja.

Kwa msomaji aliyezoea usajili wa Simba na Yanga, ambako mwenye fedha ndiye mwenye chaguo, drafti ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ni kitu kingine kabisa. Timu 32 zinapanga foleni. Iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita inachagua kwanza, bingwa anasubiri hadi mwisho, kisha wanarudia hivyo kwa raundi saba. Kijana wa chuo akishatajwa na timu, ligi nzima hana pengine pa kwenda. Na tangu mwaka 2011 mshahara wake wa miaka minne ya mwanzo haupangwi kwa jukumu lake uwanjani, unapangwa kwa namba aliyoitiwa. Shikeni hapo kwenye namba, maana ndipo mashabiki wengi wanapopita haraka.

Msimu wa 2017 Giants walimaliza na ushindi 3 na vipigo 13, na aibu hiyo ikawapa nafasi ya pili kwenye drafti ya 2018. Kwotabeki wao, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, Eli Manning, alikuwa na miaka 37. Ukuta wa mbele, yaani yale majitu yanayomlinda na kumfungulia njia mkimbiaji, ulikuwa unavuja. Sokoni alikuwepo mkimbiaji Saquon Barkley wa chuo cha Penn State, na aliyekuwa meneja mkuu, Dave Gettleman, alisema hadharani kwamba kijana huyo ameguswa na mkono wa Mungu. Waandishi walipombana kuhusu thamani ya mkimbiaji kwenye nafasi ya juu namna ile, aliwaigiza watu wa takwimu kwa kuchezesha vidole hewani kama anayechapa kwenye kompyuta. Wakamchukua Barkley. Nafasi ya saba Buffalo wakamchukua Josh Allen. Baltimore, waliochagua wa mwisho kabisa katika raundi ya kwanza, wakaondoka na Lamar Jackson. Wote wawili ni makwotabeki, na wote wawili wameshatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi.

Barkley naye alikuwa kila kitu walichoahidi. Msimu wa kwanza alikimbia yadi 1,307 na kupewa tuzo ya chipukizi bora upande wa mashambulizi. Giants walishinda mechi 5. Mwaka uliofuata wakashinda 4. Septemba 2020, ugenini Chicago, goti lake likaumia vibaya na msimu ukaishia hapo. Katika misimu yake sita New York, timu ilifika hatua ya mchujo mara moja tu.

Sasa rudini kwenye namba. Mkataba wa kijana wa nafasi ya pili mwaka ule ulikuwa na thamani ya takriban dola milioni 31 kwa miaka minne. Ukimpa kwotabeki fedha hizo umepata bahati, maana kwotabeki mzuri akishamaliza mkataba wa kwanza anadai kiasi hicho na zaidi kwa mwaka mmoja. Ukimpa mkimbiaji, umemlipa kama mmoja wa wakimbiaji ghali zaidi duniani kabla hajagusa mpira hata mara moja. Na miguu ya mkimbiaji haidumu. Anapigwa na watu watatu wanne kila anapokabidhiwa mpira, na akifika miaka 27 au 28 klabu nyingi zinaanza kumtazama kwa wasiwasi. Kwa hiyo unamlipa bei ya juu wakati timu yako bado mbovu, na siku timu ikianza kutengemaa, mwili wake ndio unaanza kuchoka.

Machi 2024 Barkley akawa mchezaji huru. Mmiliki wa Giants, John Mara, alinaswa na kamera za runinga akimwambia meneja mkuu wake, Joe Schoen, kwamba Saquon akienda Philadelphia yeye atapata shida ya usingizi. Akaenda Philadelphia. Miaka mitatu, dola milioni 37.75, kwa Eagles, mahasimu wetu wa kundi lile lile dogo ndani ya ligi. Msimu wake wa kwanza pale alikimbia yadi 2,005, mtu wa tisa tu katika historia ya NFL kuvuka 2,000. Siku ya mechi ya mwisho, ambayo kwa bahati ilikuwa dhidi ya Giants, alipumzishwa akiwa amebakiza yadi 101 kuvunja rekodi ya yadi za msimu mmoja ya Eric Dickerson ya mwaka 1984.

Wenzangu wa kundi la kwanza husema, si unaona? Mtu alikuwa dhahabu, sisi ndio tulimwacha. Kaka mmoja ninayekutana naye kwa kinyozi huku New Jersey hunipigia kelele hiyo karibu kila mara. Nami humwomba aangalie tena picha, lakini safari hii asimwangalie Barkley.

Chukua mechi mojawapo ya Eagles ya msimu ule. Simamisha picha kabla mpira haujaanza kuchezwa, uwatazame wale watano wa mbele. Kutoka kushoto: Jordan Mailata, Landon Dickerson, Cam Jurgens, Mekhi Becton, Lane Johnson. Iachie picha taratibu. Jurgens anaurudisha mpira kati ya miguu yake na mkono uleule uliotoa mpira tayari uko kifuani kwa mtu. Dickerson anamsaidia nusu hatua, kisha anamwachia na kupanda juu kumtafuta beki wa nyuma. Huku pembeni Mailata, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, amemgeuza mtu wake mgongo ukaelekea pembeni ya uwanja. Barkley anafika kwenye mstari wa kuanzia mchezo hakuna aliyemgusa. Alipokuwa kwetu, mara ngapi tulimwona akikwepa mtu wa kwanza akiwa bado nyuma ya mstari, na tukashangilia yadi mbili kana kwamba ni muujiza?

Ni kweli kuna vitu anavifanya yeye peke yake. Novemba 2024, dhidi ya Jacksonville, alijizungusha, kisha akaruka kinyumenyume juu ya beki bila hata kumwona, akatua na kuendelea mbele. Hakuna ukuta unaofundisha hivyo. Lakini yadi 2,005 hazipatikani kwa kuruka watu kinyumenyume.

Na hapa ndipo panaponiuma. Mailata alitoka kwenye drafti ileile ya 2018. Ni Mwaustralia mwenye asili ya Samoa, aliyekuwa akicheza raga ya vijana Sydney, na siku anachaguliwa hakuwa amewahi kucheza hata mechi moja ya mpira wa Kimarekani. Eagles walimchukua raundi ya saba, namba 233, wakamkabidhi kwa kocha wa ukuta, Jeff Stoutland, wakasubiri. Namba 2 na namba 233 wa mwaka mmoja wakakutana Philadelphia wakachukua ubingwa pamoja. Kule walikuwa na subira ya kumfundisha mtu kazi; huku kwetu tulikuwa tunauza jezi.

Najua majibu yanayokuja. Mtu ataniambia Detroit walimchukua Jahmyr Gibbs nafasi ya 12 mwaka 2023, wakachekwa, na leo anatisha. Sawa, lakini mtazame aliyekuwa mbele yake. Taylor Decker alichaguliwa raundi ya kwanza 2016, Frank Ragnow raundi ya kwanza 2018, Penei Sewell nafasi ya saba 2021. Gibbs alikuja nyumba ikiwa imeezekwa. Dallas nao walimchukua Ezekiel Elliott nafasi ya nne mwaka 2016 na akaongoza ligi kwa yadi 1,631 akiwa chipukizi, nyuma ya Tyron Smith, Travis Frederick na Zack Martin, wote wa raundi ya kwanza. Huyo Martin ana kisa chake. Mwaka 2014 mashabiki wengi wa Dallas, na hata mmiliki Jerry Jones mwenyewe, walikuwa na hamu na Johnny Manziel, kwotabeki wa chuo cha Texas A&M aliyekuwa gumzo la nchi nzima. Mwanawe Stephen akamshawishi atulie, wakamchukua Martin. Manziel alicheza misimu miwili tu NFL. Martin alidumu zaidi ya muongo mmoja na kuitwa kikosi cha nyota mara tisa.

Jibu la pili ni zito zaidi, na siwezi kulikwepa. Giants wenyewe wamewahi kuchagua watu wa ukuta mapema wakaambulia patupu. Ereck Flowers, nafasi ya tisa mwaka 2015. Evan Neal, nafasi ya saba mwaka 2022. Hilo linauma, na linaonyesha kwamba kuchagua jitu kubwa hakutoshi kama huna mwalimu wa kumfunza. Lakini Andrew Thomas, nafasi ya nne mwaka 2020, alitoka katika hesabu ileile, na akiwa mzima ni kati ya walinzi bora wa upande wa kushoto. Lane Johnson, aliyechaguliwa wa nne mwaka 2013, alikuwa bado anaanza mechi miaka 11 baadaye. Nitajieni mkimbiaji wa siku hizi aliyeipa klabu moja miaka 11 ya namna hiyo.

Tena tusisahau fainali yenyewe. Februari 9, 2025, Super Bowl, siku Barkley alipotimiza miaka 28, wapinzani wao, Kansas City Chiefs, walimziba vizuri: alikabidhiwa mpira mara 25 akapata yadi 57 tu. Eagles wakashinda 40 kwa 22. Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, aliangushwa mara sita na wale wa safu ya mbele ya ulinzi wa Eagles, bila Philadelphia kuhitaji kuongeza watu wa kumshambulia. Siku ambayo mkimbiaji alizuiwa, waliofanya kazi ni wale ambao hakuna anayepaza sauti kwa ajili yao Aprili.

Kuna jambo jingine ninalowaombea vijana hawa. Sisi tunaotoka Tanzania tumeshaona uzito wa nafasi ya pili upande wa mpira wa kikapu. Mwaka 2009 Memphis walimwita Hasheem Thabeet namba mbili, na tulijaa fahari. Kisha James Harden akaitwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Hadi leo Mmarekani akilitaja jina la Thabeet analitaja pamoja na hayo mengine mawili, kana kwamba yeye ndiye aliyejipanga kwenye ile foleni. Klabu ndiyo iliyochagua. Kijana alikuwa anajifunza mchezo alioanza kuucheza akiwa ameshakua. Tunapopiga kelele ya kutaka mtu achukuliwe mapema mahali asipofaa, mzigo huo unakwenda kuwa wake.

Mwaka 2025 Giants walifanya nilichokuwa nakitamani. Nafasi ya tatu wakamchukua Abdul Carter, mtu wa kuwakimbiza makwotabeki. Mkimbiaji wakamsubiri hadi raundi ya nne, namba 105: Cam Skattebo wa Arizona State, ambaye hakuna aliyempigania. Oktoba 9 aliwafunga Eagles tachidauni tatu, yaani aliufikisha mpira mwisho wa uwanja mara tatu, tukashinda 34 kwa 17, na watu wakampenda kuliko wachezaji wanaolipwa mara kumi yake. Wiki mbili na ushei baadaye, tuliporudiana nao Philadelphia, kifundo cha mguu wake kikateguka na msimu wake ukaisha. Nilisikitika kama shabiki yeyote. Lakini safari hii klabu haikuwa imeweka nafasi ya pili ya drafti wala dola milioni 31 juu ya mguu ule. Yeye alikwenda kutibiwa, na Carter, wa nafasi ya tatu, aliendelea kucheza Jumapili iliyofuata.