Bia Hailipuki, Mkubwa

Haidromita yangu, kile kipimo cha kioo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyomo kwenye bia, iliishi saa mbili. Niliilaza mezani nikifuata mwiko, ikabingirika kama yai, na sakafu ya nyumba za kupanga Umoja haina huruma. Kabla ya kukata roho ilikuwa imenisomea 1.050 (maji matupu ni 1.000; sukari ikizidi, namba inapanda). Wapikaji bia wa nyumbani karibu wote huvunja moja, ndiyo maana wenye akili hununua mbili. Mimi hela zilikuwa zimeishia kwenye sufuria.

Na sufuria yenyewe, wacha tu! Fundi wa Kamukunji alinifulia ya alumini, lita 30, akaitoboa chini akafunga mfereji. Lita 30 kwa bia ya lita 20, maana povu la kimea likipanda halibishi hodi. Ndoo ya kuchachushia nilinunua mpya. Shemeji alikuwa amenipa ya bure, iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, lakini ilishasuguliwa kwa waya, na vijidudu vikiingia kwenye mikwaruzo ile hata dawa haivifikii. Nikatoboa kifuniko, nikapachika ealoki, kile kimrija chenye maji kinachotoa gesi na kuzuia hewa.

Maji ya kimea cha kilo 4.5 na hopsi, yale maua machungu ya bia, gramu 40, saa nzima motoni. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo uchungu wa hopsi hutoka kwa kujivuta, usizime mapema.

Sasa, hii ilikuwa Julai. Ealoki ilibwabwaja siku mbili, kukaja usiku wa nyuzi 12, ikanyamaza. Nikasema imeiva. Kumbe hamira, inayokula sukari na kutoa gesi, imejifunika blanketi kama sisi wengine! Ealoki inajua gesi tu, habari za sukari haina. Anayezijua ni haidromita: isome siku tatu mfululizo, ikikaa palepale, kwa mfano 1.010, ndipo ujaze chupa. Yangu ilikuwa kwenye pipa la taka.

Tuseme bia ilisimama kwenye 1.020. Zile alama 10 za kufika 1.010 ni zaidi ya gramu 20 za sukari kwa kila lita, zimelala zinangoja joto. Juu yake nikaongeza gramu 6 kwa lita za kutia gesi, kama inavyotakiwa, nikijiona mtaalamu. Chupa za kahawia za bia, zile nene za kurudishwa, ziliniishia zikibaki lita nne. Nikajaza chupa nane za juisi, za mraba. Chupa ya mraba huanza kupasuka kwenye kona. Nikazipanga zote nyuma ya friji, penye joto, eti zipate gesi haraka.

Jumapili, saa tisa usiku: PAA!

Kisha ya pili. Ya tatu. Mama Brayo wa mlango wa pili akawasukumia watoto chini ya kitanda. Soja akapanda ngazi na rungu.

"Mkubwa, ni transfoma?"

"Ni chupa."

Akanusa. "Unapika chang'aa?"

"Chang'aa hutoneshwa. Hii ni bia."

"Bia hailipuki, mkubwa."

PAA! Akateremka ngazi tatutatu.

Chupa zenye presha haziendewi na uso mtupu. Kulipokucha nikaazima helmeti ya jamaa wa bodaboda wa pale getini, nikavaa jaketi la baridi na glavu za ngozi, nikazifunika kwa blanketi lililolowa, nikazihamishia moja moja kwenye beseni la barafu. Bia ikipoa hushika gesi, presha ikashuka. Nikafungua polepole, kitambaa juu ya kizibo. Hata hivyo ya tano ilinifikia usoni, ikapenya hadi kwenye sponji ya helmeti.

Niliipangusa vizuri, nikairudisha na asante. Jumatatu jioni jamaa akapiga simu.

"Boss, abiria wa tatu huyu amekataa kupanda. Anasema helmeti imelewa."