Kabla ya Instagram, tufundisheni kutoza saa zetu

Kuna gauni moja la kitenge lililonilipa karibu shilingi 14 kwa saa. Nililishona mwaka juzi, wiki mbili baada ya kutoka kwenye semina ya siku tatu ya wajasiriamali wa mitindo. Nilitoka huko na cheti, shajara yenye nembo ya mfadhili, na ukurasa mpya wa Instagram ambao mkufunzi alinisaidia kuufungua kabla ya chai ya saa nne. Mteja alinipata huko huko. Yeye yuko Syokimau, mimi kibanda changu kiko kando ya Jogoo Road, Nairobi, na mpaka leo hatujaonana.

Hesabu yake naiandika yote, maana kwenye semina hakuna aliyeniandikisha hesabu ya namna hii. Kitenge yadi tatu kutoka Eastleigh, 250 kwa yadi: 750. Bitana 200. Zipu 40. Uzi na kifungo 60. Fungu la kodi na stima nililiweka 150. Nauli ya kwenda na kurudi Eastleigh, 100. Jumla 1,300. Nilitoza 2,200, kwa hivyo machoni pangu nilikuwa na faida ya 900, na ungeniuliza jioni hiyo ningekuambia kazi inaenda vizuri. Lakini ukurasa wangu ulikuwa umeandikwa "tunakuletea bure", kama tulivyoshauriwa. Boda ikala 250. Gauni lilipofika likambana kifuani, kwa sababu vipimo alijichukulia mwenyewe, nadhani akiwa amevuta tumbo na pumzi pamoja. Boda ya kulirudisha na boda ya kulipeleka tena, 500. Zikabaki 150. Saa zangu, pamoja na zile za kujibu meseji usiku nikiwa kitandani, zilikuwa 11. Gawanya mwenyewe.

Mwezi huo nilishona magauni tisa kwa mtindo huo. Mtandao hauulizi kama bei yako imekaa sawa. Unaleta wateja tu, na ukiwa unapoteza kwa kila gauni, wateja wengi ni hasara nyingi. Zamani, nilipokuwa nategemea majirani na kina mama wa kanisani, hasara yangu ilikuwa ndogo kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Semina ilinipa kipaza sauti kabla ya kunifundisha wimbo.

Nimehudhuria nne kufikia sasa. Mbili zilikuwa za "biashara endelevu", moja ya "biashara ya kidijitali", na ya mwisho ilichanganya yote mawili. Chakula kilikuwa kizuri zote nne. Somo lililobadilisha kazi yangu sikulipata ukumbini, nililipata kwenye foleni ya chakula, kutoka kwa mzee mmoja wa Kariobangi anayeshona suti. Aliniuliza ninatozaje. Nikamwambia napiga kitambaa, bitana, zipu, halafu naongeza kitu. Akacheka. "Kitambaa unalipia, uzi unalipia, hata sindano ikivunjika unalipia. Wewe mwenyewe ni msaada?"

Yeye huandika kwa chaki pembeni mwa meza yake ya kukatia: saa aliyoanza na saa aliyomaliza. Kila kazi. Koti lina saa zake, suruali ina saa zake, na kubadilisha kola kuna saa zake. Amefanya hivyo miaka mingi hata mteja akimwomba apunguze anajua anapunguza nini. Sisi wengine tunatoza ufundi kwa kusikiliza jirani anatoza ngapi, na jirani naye anatusikiliza sisi. Ndiyo maana bei ya kushona gauni kwenye mstari wetu haijasogea sana ilhali kodi, stima na unga vimepanda mbele ya macho yetu.

Nilirudi nikaanza kuandika. Wiki ya kwanza niliona aibu, ya pili nikaona hasira. Kupima na kuzungumza na mteja, saa moja. Kukata, saa moja. Kushona, tano. Marekebisho, mbili, ambazo siku zote nilikuwa nazihesabu kama adabu tu kwa mteja. Sasa marekebisho ya kwanza yamo ndani ya bei, ya pili yanalipiwa, na boda ni ya mteja. Niliogopa watanikimbia. Wachache walikimbia, na wengi wao ndio waliokuwa wakinitumia meseji saa tano usiku.

Sasa nije kwenye huo uendelevu. Kwenye semina ya kwanza tulionyeshwa picha za jengo la Rana Plaza kule Bangladesh, lililoporomoka mwaka 2013 na kuua zaidi ya wafanyakazi 1,100 wa viwanda vya nguo. Tukaonyeshwa jangwa la Atacama, Chile, na milima ya nguo zilizotupwa. Ni mambo ya kujua na sikatai. Lakini meza ya mbele yangu aliketi mama mmoja anayeuza mitumba soko la Gikomba, na kwa siku tatu hakuna aliyemuuliza kitu zaidi ya jina lake la kuandika kwenye cheti.

Mama yule ananunua belo la kilo 45 bila kuona kilichomo. Analifungua alfajiri, na wenye maduka ya mjini wanamzunguka kuchagua kamera, zile za juu ambazo ni kama mpya. Zinazofuata zinapangwa kwa bei, na bei inashuka kadiri jua linavyopanda, mpaka inafikia fagia, yaani mabaki ya mwisho. Kando yake ana vijana wawili wenye cherehani. Suruali iliyochanika goti inakuwa kaptura. Shati lenye kola iliyolika linageuzwa kola. Zipu ya koti bovu inang'olewa na kuwekwa kwenye koti zima. Pasi ya makaa inapita, nguo inaning'inizwa. Anajua kitambaa kipi kitadumu kwa kukishika tu, na anajua ni nchi gani inaleta nguo zenye mishono mizuri. Mkufunzi, kijana mwerevu na mwenye heshima, alisimama mbele yake akamweleza kwamba siku hizi duniani kuna fikra mpya ya kuipa nguo maisha ya pili.

Mngempa kipaza sauti saa moja tu, naapa, tungetoka na kitu.

Sitaki pia kuipaka Gikomba mafuta. Utafiti wa taasisi ya masuala ya uchumi ya IEA hapa Nairobi ulionyesha Kenya iliingiza tani takriban 185,000 za mitumba mwaka 2019, na si kila kilo ya hizo inavaliwa. Fagia ya fagia inaishia jalala la Dandora, au kwenye kingo za mto, au inachomwa, na nyingi yake ni poliesta, yaani plastiki ukipenda kuiita kwa jina lake. Serikali ilipozuia mitumba Machi 2020 kwa sababu ya korona, watu walituambia sisi mafundi kwamba zamu yetu imefika. Zuio likaondolewa Agosti mwaka huo huo. Katikati ya hapo zamu yetu ilikuwa barakoa. Na nikumbuke hili: huo ndio wakati pekee katika maisha yangu ya kushona ambapo gunia langu la makatio, vile vipande vinavyobaki nikikata, lilikuwa tupu. Kila kipande cha pamba chenye ukubwa wa kiganja kilikuwa pesa.

Kwa sababu gunia hilo kwa kawaida hujaa. Ukikata gauni la kitenge kwa haraka, vipande vya pembeni vinabaki na havitoshi chochote. Kwenye semina tulifundishwa kuvigeuza hereni na vikuku. Nilitengeneza hereni jozi 20. Nimeuza tatu, moja kwa dada yangu. Kina mama wote 30 waliokuwa ukumbini walitengeneza hereni zile zile, na soko la hereni za kitenge Nairobi lina mwisho wake. Ninachojua sasa ni kwamba makatio bora ni yale ambayo hayakukatwa. Panga vipande vyote mezani kabla hujashika mkasi, bana mikono ya gauni kwenye mwanya wa sketi, kata magauni mawili ya wateja wawili kutoka pisi moja ya yadi sita badala ya kununua yadi tatu tatu. Vinavyobaki vinakuwa mkanda wa mshazari wa kumalizia shingo, au mifuko ya ndani. Hilo halipendezi kwenye picha, nadhani ndiyo maana halifundishwi.

Tuliambiwa pia tuchague pamba iliyokuzwa bila kemikali. Sawa, tuinunue wapi kwa yadi tatu? Kiwanda cha vitambaa cha Rivatex, Eldoret, kilizinduliwa upya mwaka 2019 na nilikifurahia kama kila mtu, lakini kitambaa ninachokikuta Eastleigh nikiwa na elfu moja mkononi kimetoka China. Mkufunzi hakuwa na jibu, na simlaumu. Ila swali kama hilo ndilo lingestahili siku nzima, pamoja na mtu mmoja wa kiwandani na sisi thelathini tukiwa tayari kununua kwa pamoja kama chama. Tulipewa karatasi ya kuchora "mteja wetu wa ndoto" badala yake. Wangu nilimpa jina na gari.

Kuhusu mambo ya mtandaoni, kuna yaliyonisaidia na kuna yaliyonishangaza kwa kukosekana. Tulitumia nusu siku kujifunza mwanga wa picha. Hakuna dakika tano za kutuambia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu hata fundi wa kibandani. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza klabu moja ya burudani hapa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sisi wa Jogoo Road tunashona sare za shule. Nusu ya picha zetu ni watoto wa wenyewe wakiwa wamevaa sweta. Niliposoma habari hiyo nilikaa kibandani hadi saa mbili usiku nikifuta.

Hawakutaja eTIMS pia, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi. Mwaka jana meneja wa mkahawa alitaka aproni 40 na alikuwa tayari kulipa nusu siku hiyo hiyo, akaomba ankara ya eTIMS, kwa kuwa bila hiyo gharama yake haikubaliki kwa KRA. Sikuwa nayo. Kazi ikaenda kwa mwingine, na aproni zingekula makatio yangu yote mazuri ya mifukoni. Ningebadilishana ile nusu siku ya mwanga wa picha kwa saa moja ya somo hilo bila kufikiri mara mbili.

Lililonisaidia ni dogo sana. Msichana mmoja aliyekuwa akisaidia wakufunzi, mwanafunzi tu wa mafunzo ya kazi, alinionyesha jinsi ya kuomba taarifa ya M-Pesa ya miezi sita na kuisoma na kalamu mbili: nyekundu ya biashara, bluu ya nyumbani. Nilipomaliza kupaka rangi niliona kibanda changu kilikuwa kikilisha Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Tangu hapo nina tili ya biashara, na simu ya nyumbani iwe ya nyumbani.

Nikipewa nafasi ya kupanga mafunzo haya, sitayaweka hotelini. Yaje kwenye vibanda, jioni, watu sita sita, na mkufunzi akae mchana mmoja akituangalia tukikata kabla hajasema neno. Yasije Novemba na Desemba, msimu wa sare za Januari, ambapo siku tatu za semina ni sweta nyingi mno. Najua bajeti za wafadhili lazima ziishe kabla ya mwaka, lakini na sisi tuna mwaka wetu. Na badala ya cheti cha kuhudhuria, ambacho ninacho vinne na hakijawahi kuulizwa na mteja, nilipieni ada ya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Wenye Gredi ya Kwanza wanajulikana, na tenda zinawatafuta.

Wiki iliyopita nilipata mwaliko wa tano. Ni siku tatu, Jumanne hadi Alhamisi, na mada ni ile ile. Nimewajibu kwa heshima nikiwauliza kama mmoja wao anaweza kupita kibandani saa kumi na mbili jioni, siku yoyote, aje na swali lolote, nitamwekea chai. Bado hawajajibu.

Kwa sasa nina utaratibu wangu. Kila Jumamosi nikifunga naazima mizani ya mama anayeuza viazi upande wa pili wa barabara, napima gunia la makatio, na kuandika uzito kwa chaki pembeni mwa meza, chini ya saa za wiki. Mama viazi anafikiri nimeanza kuuza matambara. Januari lilikuwa kilo nne na nusu. Jumamosi iliyopita, kilo moja na robo.