Mjomba Atupeleka Kuona Chuo

Kwetu Kisumu, mtoto akipata matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, anakimbia saiba, anafungua mtandao wa KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, anachagua kozi kulingana na alama zake za klasta, yaani za masomo ambayo kozi inahitaji, kisha anangoja kuambiwa ametupwa wapi. Wengi huliona geti la chuo siku ya kuripoti, godoro kichwani. Zamu yangu ilipofika, Mjomba akakataa. "Ng'ombe hanunuliwi bila kufunguliwa mdomo," alisema, na kabla chai haijapoa alikuwa amejiteua mwenyekiti wa kamati ya safari. Mama akawa mweka hazina, maana pesa zilikuwa zake.

Matatu ilipatikana kwa bei ya kushangaza. Asubuhi tukajua kwa nini: ilitoka matangani jana yake, matawi bado yamefungwa kwenye vioo na vitambaa vyekundu vinapepea. Dereva akaapa atavitoa tukifika Kiboswa. Kiboswa ikapita, Chavakali nayo. Karibu na Kakamega, pale Ilesi, Mjomba akasimamisha gari atuonyeshe Jiwe Linalolia. Shangazi akasema kwenda kutafuta masomo huku unaangalia jiwe linalolia si dalili nzuri. Nani amsikilize?

Kwenye geti la chuo, askari aliiona matatu akavua kofia. "Poleni sana. Nyinyi ni familia?"

"Familia nzima!" Mjomba akajibu kwa fahari. "Tumetoka Kisumu."

Akatuonyesha ukumbi. Shangazi akaamua kwamba hiyo pole ni ya safari.

Ndani palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, picha kubwa ya mzee mwenye miwani, daftari la wageni, na beseni lenye noti. "Huyo ndiye mwanzilishi wa chuo," Mjomba akaninong'oneza. Akaandika jina langu daftarini, akatia mia tano kwenye beseni, akadai risiti. Mwanamke aliyekaa hapo alimwangalia kwa muda, akafuta macho, akamwandikia. Tukaletewa chai na mandazi.

Nilipookota karatasi iliyokuwa kitini na kuona neno "Marehemu", nilimvuta Mjomba koti. Tayari alikuwa ameitwa: "Sasa tusikie neno kutoka kwa wageni wetu wa Kisumu." Na Mjomba, tangu nimjue, hajawahi kuikataa maikrofoni.

"Ndugu zangu, siku hii tumeingoja sana! Tumeomba, tumefunga, hata ng'ombe tumeuza ili ifike. Leo mioyo yetu imefurahi!"

Kimya. Mjomba akadhani wameguswa.

"Na huyu ni wa kwanza tu! Nyumbani kuna wengine, watafuata mmoja mmoja, na wote tutawaleta hapa hapa!"

Mwanamke nyuma yetu akaachia "Wooooi!" Mama akajifunika leso mpaka kidevuni. Mzee mmoja wa mbele akageuka polepole: "Kwani hawa ni wa upande gani?"

Kijana mmoja, nadhani mhadhiri, alitutoa nje akiuma midomo asicheke. Maktaba tulionyeshwa kwa kidole tu. Hosteli hatukuziona.

Njiani Mjomba hakuwa na aibu hata chembe. "Lakini mmeona mapokezi? Weka hapa chaguo la kwanza."

Mama alitaka hesabu ya ile mia tano. Mjomba akachomoa risiti. Ilikuwa imeandikwa "Rambirambi", na Mama akaikataa papo hapo: kwenye bajeti ya kamati, kifungu hicho hakikuwepo.