Kiburu cha Mama Mdogo

Rafiki yangu wa mazoezini aliniambia kabla ya mbio ndefu nijaze wanga. Alisema na mengine, lakini mimi nilikuwa nimeshasikia "jaza".

Nikatoka Dar kwenda Moshi kukimbia nusu marathoni, kilomita 21, nikafikia kwa mama mdogo. Huyu mama ukimwambia umekula, anakuuliza umekula wapi. Habari ya wanga hakutaka ielezwe mara mbili: usiku akaleta kiburu, ndizi na maharage vimepondwa pamoja, nikala mpaka nikafungua kifungo. Saa kumi na moja alfajiri akaniamsha kwa bakuli la mtori, mafuta ya nyama yanaelea juu.

"Kunywa baba, usije ukaanguka njiani ukaniaibisha."

Nikanywa. Nikaongezwa.

Saa moja tukaachiwa. Kiunoni nina pakiti nne za jeli ya wakimbiaji, elfu nane kila moja. Barabara ya kupanda Mweka haina utani. Kilomita ya sita nikafyonza jeli ya kwanza bila maji, maana meza ya maji nilishaipita kwa mbwembwe. Utamu ule ukashuka ukayakuta maharage hayajasagika hata nusu, na mtori umeyakalia juu. Damu yote iko miguuni, tumboni hakuna wa kufanya kazi. Likanguruma. Jamaa wa mbele yangu akasogea pembeni kupisha bodaboda.

Nikachepuka kwenye migomba, nikamkuta bibi anafagia uwanja. Sasa, kwa watu huingii ukaomba choo tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, bibi. Naomba..."

"Mnakimbia mnaenda wapi?"

"Tunarudi tulikotoka, bibi."

Akasimamisha ufagio, akafikiri. "Na wewe ni mtoto wa nani?"

Nikautaja ukoo nimebana magoti. Akaanza kumtafuta babu yangu, kijiji kwa kijiji. Nikasema, "Bibi, choo!" kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuwa nayo. Akanyoosha ufagio.

Mlango ulikuwa kipande cha bati kisicho na komeo. Nikakishikilia kwa mkono mmoja, na nje jogoo anakidonoa kama anayedai kodi.

Nilipotoka bibi alikuwa ananingoja na ndizi mbivu mbili. "Kula, umepauka." Ndizi moja ya kadiri ina gramu 25 hivi za wanga, sawa na pakiti yangu ya elfu nane. Hizo mbili, na maji, ndizo zilizonifikisha mwisho. Njiani nikajiliwaza kwamba hata Paula Radcliffe, bingwa wa marathoni kutoka Uingereza, alisimama kujisaidia kando ya barabara kule London mwaka 2005, na bado akashinda. Mimi nilipitwa na mzee aliyevaa kandambili.

Nikampigia rafiki yangu kumlaumu. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Nilisema wali mweupe, kidogo kidogo, siku mbili kabla. Maharage yameingiaje hapo?"

Nyumbani mama mdogo alikuwa mlangoni. "Chakula kilikusaidia, baba?"

"Sana, mama. Kilinikimbiza."

Akafurahi mno. Kesho yake akanifungashia hotpoti zima la kiburu, nile kwenye basi la kurudi Dar.