Shindano la Lalla Meryem limewafaa nani? Swali kwa Lubumbashi

Mwezi wa kumi na moja 2024 wanawake wa TP Mazembe, klabu ya mpira wa miguu ya mji wetu wa Lubumbashi, Kongo, walirudi kutoka Moroko na kombe la Ligi ya Mabingwa ya Afrika, baada ya kuwafunga AS FAR ya huko huko Moroko 1-0 kwenye fainali. Wapenzi wa tenisi hapa Lubumbashi, ambao si wengi lakini ni wabishi, wana hoja yao: kama mpira wa miguu wa wanawake umetufikisha huko, kwa nini mji usiombe shindano dogo la tenisi la wanawake wa kulipwa, kwenye udongo mwekundu, kama lile la Wamoroko? Wengine wanajibu kwamba hiyo ni kuwaandalia wageni karamu huku watoto wa nyumbani wakilala njaa.

Ubishi huu unaweza kupimwa, kwa sababu shindano la Moroko lina historia ndefu ya kutosha. Linaitwa Grand Prix ya Lalla Meryem, kwa jina la dada yake Mfalme Mohammed VI. Lilianza Casablanca mwaka 2001, likapita Rabat, Fes na Marrakech, na mwaka 2016 likarudi Rabat. Kwa miaka mingi lilikuwa shindano pekee la WTA, chama cha tenisi ya wanawake wa kulipwa duniani, katika bara zima. Daraja lake ni 250, la chini katika ngazi kuu za WTA, kwa hiyo wachezaji wa juu kabisa huwa hawaji.

Lakini wanaokuja si wa kudharauliwa. Simona Halep alishindwa fainali mbili mfululizo huko Fes, 2010 na 2011, kabla dunia haijalijua jina lake; mwaka 2018 akashinda Roland Garros, shindano kubwa la udongo la Paris. Mwaka 2012 Kiki Bertens wa Uholanzi alianzia kwenye mchujo, akacheza mpaka akachukua taji lake la kwanza la WTA, na baadaye akafika nafasi ya nne duniani. Maria Sakkari wa Ugiriki naye alipata taji lake la kwanza Rabat, 2019. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Martina Trevisan wa Italia. Tangu 2022 shindano huchezwa wiki moja kabla ya Roland Garros, na mwaka huo Trevisan alishinda Rabat, akapanda ndege kwenda Paris, akafika nusu fainali. Yeyote anayesema shindano dogo halina faida amsikilize huyo.

Sasa tazama orodha yenyewe ya mabingwa. Kuna Wahispania, Waitalia, Wamarekani, Mholanzi, Mgiriki, na mwaka 2025 Maya Joint wa Australia. Kuanzia 2001 hadi hapo, hakuna Mwafrika hata mmoja aliyelishinda katika mchezo wa mmoja-mmoja, na hakuna binti wa Moroko. Aliyekaribia ni Mayar Sherif wa Misri, aliyefika fainali ya 2024 na kufungwa 6-2, 6-1 na Peyton Stearns wa Marekani. Sherif huyo huyo taji lake la kwanza la WTA alilichukua Parma, Italia, 2022. Ons Jabeur wa Tunisia, mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwa nao, alishinda kwenye udongo wa Madrid mwaka 2022 na kucheza fainali mbili za Wimbledon bila kuhitaji taji la Rabat.

Hapo wapinzani wanaona wamemaliza kesi. Mimi naona bado, kwa sababu ya wanaume. Moroko ina shindano lingine la udongo, Grand Prix Hassan II, na taji la hilo lilichukuliwa na wana wa nchi: Hicham Arazi mwaka 1997 na Younes El Aynaoui mwaka 2002. Nchi ni ile ile na udongo ni ule ule, lakini matunda ni tofauti. Kwa hiyo shindano lenyewe si sumu, wala si dawa. Nafasi chache za mwaliko, yaani za kuingia bila kufuzu, humpa binti wa nyumbani mechi moja, labda mbili, mbele ya watu wake, kisha anasubiri mwaka mzima. Kama hana mashindano ya chini ya kuchezea wiki hadi wiki, atarudi pale pale alipoachwa. Tunisia ilikwenda njia nyingine: mji wake wa Monastir hupokea mashindano ya W15, daraja la chini kabisa la wanawake wa kulipwa, yenye zawadi ya dola 15,000 kwa jumla, wiki nyingi za mwaka. Hayana runinga wala binti mfalme, ila ndiko pointi za kwanza zinakopatikana.

Na Moroko ilitoa kitu kingine ambacho watu wetu hawakitaji. Sada Nahimana wa Burundi, jirani yetu kabisa, alifundishwa kwenye kituo cha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi huko Casablanca. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyeshinda Wimbledon ya wasichana wawili-wawili mwaka 2022 na dhahabu ya Michezo ya Afrika huko Accra mwaka 2024, utotoni alipitia kituo cha Bujumbura. Hao ni mabinti wanaosema Kiswahili kama sisi. Hawakuinuliwa na shindano kubwa la nyumbani. Waliinuliwa na kocha wa kila siku, kitanda, shule na mipira.

Turudi hapa kwetu. Vifaa si kisingizio. Uso wa uwanja wa udongo ni unga wa tofali lililosagwa, tabaka jembamba lisilozidi milimita chache juu ya mawe ya chokaa na kokoto. Hata Paris ni hivyo. Sisi tunaishi katikati ya vichuguu virefu kuliko nyumba, na pembeni ya mji watu wanavikata kufyatulia matofali. Vipande vinavyovunjika kwenye tanuri vinatupwa barabarani kuziba mashimo. Kazi ngumu ni utunzaji: kumwagia maji asubuhi na jioni, kupitisha roli, kuburuta wavu wa kusawazishia udongo baada ya kila seti, kufagia mistari. Bomba likikauka siku mbili za kiangazi, upepo unaubeba uwanja wote kwenda kwa jirani. Mwezi wa kumi na moja mvua zinaanza, na tope halichezeki mpaka mwezi wa nne. Mji uko mita zipatazo 1,200 juu ya bahari, mpira unaruka mbali zaidi. Udongo unaupunguza kasi, na hilo ni jema kwa anayejifunza.

Kinachonisumbua ni nani yuko uwanjani. Viwanja vingi tulivyorithi vilijengwa na kampuni za migodi na reli kwa ajili ya wakubwa wao. Mtoto wa cité, mitaa ya watu wa kawaida, aliingia kuokota mipira, na mpaka leo wavulana wengi wanajifunza hivyo: wanaokota, jioni wanaazima raketi. Msichana hata mlango huo hana. Mchana yupo shuleni, jioni yupo foleni ya maji. Shindano la W15 likija kesho, tutawapa kadi za mwaliko akina nani?

Ndiyo maana nakubali shindano, kwa sharti. Lisiwe la kutafuta jina. Yawe mawili au matatu ya W15 yanayofuatana, kati ya mwezi wa sita na wa nane, kwa sababu mchezaji halipi tiketi ya kuja huku kwa wiki moja tu. Hayo yatamwokolea binti wa Lubumbashi, Lusaka au Bujumbura viza na safari ya mbali. Na kabla ya kuomba tarehe, kiwanja kimoja kifunguliwe kila siku kwa wasichana, bila ada ya dola, na kocha wake alipwe misimu miwili mbele. Mfadhili anayetaka kuona jina lake kwenye bango aanze na kulipa hicho. Akikataa, tujue alichokuwa anakitaka.