Tarumbeta la Nne

Kamati ya harusi ya mdogo wangu iliposoma orodha ya magari ya msafara, jina langu lilikuja mwisho kabisa, chini ya Kirikuu ya matarumbeta. "Vitz: mashangazi watatu na Mama Mdogo." Mtu mmoja nyuma akachekea puani. Sikugeuka kumtazama, ila tairi nilizibadilisha pale pale, moyoni.

Gari lenyewe ni la mwaka 2006, injini ya lita moja, silinda tatu, rimu za chuma za 14. Mama watoto huziita vifuniko vya sufuria. Jirani yetu hapa Tabata ana IST yenye rimu za 17, ikipita kichochoroni hata mbuzi wanaipisha. Nikaapa Jumamosi hiyo mbuzi watanipisha na mimi.

Jumatano nikaenda Ilala kwenye rimu za mtumba. Vipimo vya kitaalamu vilikuwa hivi:

"Gari gani, bosi?"

"Vitz."

"Matundu mangapi?"

"Manne."

"Basi inakaa."

Na kweli zilikaa, kwa bahati tu, maana matundu manne ya boliti nayo yana makabila yake: kuna yaliyopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100 na kuna ya 114.3, na Vitz ni ya 100. Rimu zilikuwa za 17, rangi ya fedha, na tairi zake zimeandikwa 205/50R17. Nikauliza hiyo R ni ya nini. "Rimu," akasema bila kupepesa jicho. (Ni rediali, yaani jinsi nyuzi za tairi zilivyopangwa. Nimejua baadaye, kama mengine yote.) Laki saba. Tairi zangu nne za zamani akazichukua kwa elfu themanini, nikabaki na ile ya spea kwenye buti.

Fundi alipokata usukani hadi mwisho, mbele kukalia kwaaaa. "Zinatafuta nafasi yake hizo," akasema. "Zikizoea zitanyamaza." Mmoja wetu alijua anadanganya, mwingine alijua anadanganywa, tukaagana kwa amani.

Alhamisi na Ijumaa nilitembea peke yangu, na nilitembea kweli. Mshale ukiwa kwenye 50 tu, bodaboda waliozoea kunipita huku wananipigia honi wakawa wanakaa nyuma yangu kwa heshima. Nikajisemea kumbe rimu zinaongeza hata nguvu. Ni kwenye vilima tu ndipo injini ilikuwa ikihema kama mtu aliyebebeshwa kiroba cha saruji, nikaona labda ni joto la Dar.

Jumamosi, kanisani Posta. Mashangazi wakatoka na vitenge vya sare, vya dhahabu, na vilemba ambavyo ilibidi viingie garini kwa kuinamishwa kimoja kimoja. Uzito wa mtu sitautaja, nimelelewa. Nitasema tu kwamba Shangazi Mkubwa alipokaa nyuma kushoto, gari liliinua pua, na kama ingekuwa usiku taa zangu zingemulika ghorofa ya tatu.

Sasa, msafara wa harusi wa Dar hauwezi kuona kipilefti ukakipita mara moja ukaenda zako. Tulipofika Sanamu ya Askari, Kirikuu ikaanza kuzunguka, matarumbeta matatu na ngoma juu, na sisi nyuma yake. Kile kipilefti ni kidogo, kinataka usukani ukatwe hasa. Nikakata. Mbele kukalia kwaaaa. Gari likalala upande wa kushoto, yaani kwa Shangazi Mkubwa, na nyuma nako kukajibu: ngrrr-mpu! ngrrr-mpu!

Mpiga ngoma, mtu mwenye masikio, akaidaka. Akaacha mdundo aliokuwa nao akafuata wa kwangu. Watu waliokuwa wanapita Samora wakasimama, wengine wakaanza kucheza.

Mzunguko wa pili harufu ikaingia. "Nani anaunguza nywele?" akauliza Mama Mdogo. Nikamwambia ni moshi wa daladala. Mzunguko wa tatu macho yangu yakagongana na yule askari wa shaba, aliyesimama pale tangu 1927, singe yake imeelekezwa bandarini. Nikaona kabisa ananiambia: zipakie melini, zirudi zilikotoka.

Hatukufika Salenda. Tulikanyaga kibonde kimoja tu, ukingo wa fenda ukamalizia kazi uliyoianza kwenye kipilefti, na tairi la nyuma kushoto likapasuka kwa mlio uliowafanya mashangazi wote wapige vigelegele. Walidhani ni fataki za kamati.

Trafiki akaja. Akalitazama tairi, akawatazama mashangazi waliopangana pembeni mwa barabara kama kwaya, akawaamkia shikamooni, kisha akanigeukia. "Kaka, hii gari imevaa viatu vya baba yake?" Akaenda zake kuongoza magari, hakutaka hata leseni. Ningependa zaidi anitoze.

Kwa sababu aliyebaki alikuwa Shangazi Mwalimu. Amefundisha hesabu maisha yake yote, na kustaafu hakujamsaidia.

"Soma ubavuni mwa tairi."

"205, 50, 17."

"205 ni upana, kwa milimita. 50 ni asilimia: ukuta wa tairi ni nusu ya huo upana. Ukuta uko juu na uko chini, kwa hiyo mara mbili. 17 ni inchi za rimu, zidisha kwa 25.4. Jumla?"

Nina miaka arobaini na moja. Nilisimama kando ya barabara na suti ya sare nikihesabu kwa vidole. Akachoka kunisubiri, akatoa penseli ya wanja mkobani, akaandika nyuma ya kadi ya mwaliko: 637. Kisha akafungua mlango wa dereva, akainama kwenye nguzo, akasoma kibandiko ambacho mimi miaka yote nilidhani ni cha ushuru. 165/70R14. Akaandika 587.

"Tofauti?"

"Hamsini."

"Sentimita tano. Kwenye kitenge hiyo ni pindo. Kwenye gari hiyo ni fenda. Na mshale wako ukisema 50, gari linakwenda 54."

Nikawakumbuka wale bodaboda wenye heshima.

"Ungetaka kupendeza ungechukua rimu za 15, tairi la 185/55. Hilo ni 584 na ushee, gari lisingejua hata kama limebadilishwa."

"Na za 17 je, Shangazi?"

"Za 17 zingetaka 195/40. Ukuta wa milimita 78, kwa mashimo ya kwenu Tabata?" Akakunja kadi. "Leta jeki."

Nikafunga spea ya 14. Nyuma kushoto kukanyamaza kabisa, lakini gari likawa limeinama upande huo, na Shangazi Mkubwa tulipomwomba ahamie kulia alikataa. Alisema amekaa kushoto mbele ya padri na atafika kushoto. Hivyo ndivyo tulivyoingia ukumbini Sinza, Vitz imepinda goti moja kama mtoto anayetoa shikamoo, bagia za Mama Mdogo zote zimehamia upande mmoja wa kapu.

Jumatatu nikarudi Ilala. Yule muuzaji hakunikumbuka. Akaniletea tairi nne na rimu zake za 14, akazigonga kwa kiganja. "Mtumba safi huu, bosi. Ulikuwa wa mtu mmoja tu, mpole." Nilizinunua kwa laki mbili. Zile za 17 ziko nyuma ya nyumba, na kuku wa mama watoto ameshataga kwenye lile lililopasuka.

Wiki iliyopita video ya harusi ilitoka, ukoo mzima tukajazana sebuleni kuitazama. Ilipofika Sanamu ya Askari, Shangazi Mkubwa akaomba sauti iongezwe. Akasikiliza kwa makini, kichwa kinafuata mdundo, halafu akamgeukia mweka hazina wa kamati.

"Huyu anayepiga lile tarumbeta zito la chini, mlimlipa vizuri?"